Shajara ya mfuko wa kuhamisha madeni, Mbagala

12 Januari 2025

Kikao cha kwanza cha mwaka cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Ajenda iliyoandikwa ni ada na sare za shule, lakini muda mwingi umeishia kwenye kausha damu, ile mikopo ya nje ya riba kali inayorejeshwa kila wiki. Kila aliyesimama kuomba mkopo wa dharura, ukimuuliza wa nini anazunguka kidogo, kisha anasema kweli: Jumatatu kuna marejesho. Mwingine Alhamisi. Maana yake hisa zetu zinatoka sandukuni Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi ziko mezani kwa mkopeshaji wa nje, na kikao kinachofuata mwanachama yuleyule amesimama tena.

Nimetoa hoja, imepita: tunatenga shilingi 2,400,000 ziwe mfuko wa peke yake. Hela hizi hapewi mwanachama mkononi. Kikundi kinaenda naye kwa anayemdai, kinalipa, kinachukua stakabadhi na barua ya kumaliza deni, na kuanzia hapo mwanachama anadaiwa na kikundi kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio lililobaki. Masharti mawili tu: alete madeni yake yote mezani, si lile linalomuuma pekee, na asikope nje mpaka amalize.

Mwenyekiti kaniagiza, mimi mweka hazina, niandike shajara ili Desemba tukivunja kikundi na kugawana hisa kila mtu aone hela yake ilikopita. Majina siandiki. Nitawataja watu kwa biashara zao.

26 Januari

Siku ya makaratasi. Waliojiandikisha watano. Nilidhani kazi ngumu itakuwa hesabu, kumbe ni kumfanya mtu mzima afungue bahasha mbele ya wenzake. Tukaamua kila mmoja aingie peke yake chumba cha ndani, mimi na katibu tu.

Mama wa samaki ameingia na bahasha ya kaki iliyolowa mafuta pembeni. Ndani kuna daftari dogo la marejesho lenye mihuri ya wino wa bluu, nakala ya fomu, na picha za barazani kwake alizopigwa na afisa mikopo: televisheni, feni, godoro, jiko la gesi. Alikopa 500,000. Wakakata 20,000 ya fomu na 30,000 ya kitu walichokiita bima, akaondoka na 450,000. Rejesho 54,000 kila wiki kwa wiki 12. Jumla 648,000.

Yeye siku zote amehesabu kwamba riba ni 148,000, karibu asilimia 30, "na miezi mitatu si haba, mweka hazina". Nikamwomba tuhesabu upya kwa hela iliyofika mkononi, yaani 450,000, na tukumbuke kwamba kila wiki anarudisha sehemu ya hela hiyo, kwa hiyo ile 500,000 hajawahi kukaa nayo miezi mitatu. Ukipiga hivyo, riba inazidi asilimia 6 kwa wiki. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu wanaokopesha bila kupokea amana, walio chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa ukomo huo, hata ukiipiga riba juu ya mkopo wote bila kupunguza kitu, miezi mitatu ni 52,500.

Katibu alishika kichwa. Mama wa samaki hakushtuka sana, na alikuwa na sababu. "Riba mimi naielewa," alisema. "Kinachoniua ni Jumatatu."

Tukaacha karatasi za mkopeshaji, tukafungua biashara yake. Anatoka alfajiri kwenda soko la samaki la Feri, anasubiri mnada, ananunua vibua kwa ndoo, anarudi, anakaanga, jioni anapanga meza barabarani. Siku nzuri faida 18,000, siku mbaya 8,000, Jumapili hauzi. Wiki ya kawaida inampa kama 75,000. Toa rejesho 54,000, inabaki 21,000 ya kula watu watano, kodi na umeme. Haiwezekani, na haikuwezekana. Kilichokuwa kinajazia ni mtaji. Mwezi wa kumi alikuwa anachukua ndoo mbili kwa safari. Desemba ndoo moja. Sasa anagawana ndoo moja na jirani. Kila Jumatatu ilikuwa inakata kipande cha ndoo, na ndoo ikipungua faida ya wiki inayofuata nayo inapungua, lakini rejesho liko palepale.

Nimeandika hili kwa urefu kwa sababu limebadilisha namna nitakavyoupima mfuko. Nilikuwa nauona kama mashine ya kushusha riba. Kwa muuza samaki, kumtoa kwenye riba ya asilimia 30 na kumwachia rejesho la kila wiki ni kumhamisha chumba ndani ya nyumba ileile. Tarehe za kulipa ndizo zinazokula mtaji, na tarehe hizo kazipanga mkopeshaji, hakuuliza samaki wanauzika lini.

Madeni yake mengine: 46,000 kwa Mangi wa dukani, na 35,000 kwa dada yake. Hayana riba. Lakini la Mangi si la kupuuzwa, maana Mangi akikasirika hakuna unga wala mafuta ya kukopa Alhamisi. Tumekubaliana ampelekee 5,000 kila Jumamosi, bila kukosa hata mara moja, na dada yake apigiwe simu na kuelezwa. Mdai anayepigiwa simu huwa mpole kuliko anayekimbiwa.

9 Februari

Kwenye kikao kulikuwa na ubishi mzuri: tuanze na deni lipi? Wengi wanataka tuanze na dogo, mtu afute moja haraka apate nguvu. Wengine, na mimi nimo, tunataka deni kali kwanza hata kama ni kubwa. Mzee wetu wa pekee kikundini akatukata wote: anzeni na linalokula mtaji. Tumepita na lake.

Ijumaa nilimsindikiza mama wa samaki kwa mkopeshaji. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kijana wa mapokezi, shati limenyooshwa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tumekuja kumaliza deni la huyu mwenzangu. Tunaomba taarifa ya deni kwa maandishi, na tuione leseni yenu ya Benki Kuu."

Akaonyesha ukutani. Kuna fremu, ndani yake leseni ya biashara ya halmashauri.

"Hii naiona baba, ni ya kufungulia mlango. Naulizia ya kukopesha."

Akasema meneja anayo. Meneja akaja, akasema iko kwenye mchakato. Hatukupandisha sauti. Nikamwambia orodha ya waliopewa leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, tumeitazama, hatukuliona jina lao, na hatukuja kushtaki, tumekuja kulipa. Wao walikuwa wanadai 324,000 za wiki sita zilizobaki na faini ya kuchelewa 30,000. Sisi tukaweka karatasi yetu mezani: mkopo 500,000, nusu ya wiki zimelipwa, kwa hiyo nusu ya mkopo imebaki, 250,000. Riba ya wiki ambazo hazijafika hatuilipi, kwa sababu hela yenyewe inarudi leo.

Alitoka kupiga simu. Akarudi na 300,000. Tukakaa. Akina mama wengine walikuwa wameanza kujaa benchi la nyuma kwa ajili ya marejesho yao na walikuwa wanasikiliza. Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Akakubali 250,000 taslimu, tukachukua stakabadhi yenye muhuri, daftari likaandikwa "deni limekwisha", na nakala ya fomu yenye picha za vitu vyake tukakabidhiwa.

Sasa anadaiwa na kikundi 250,000. Kwa miezi mitano atapunguza 50,000 kila mwezi, na riba itakuwa 5,000 mwezi wa kwanza, 4,000 wa pili, hivyohivyo mpaka 1,000. Jumla 265,000. Rejesho lake la mwezi sasa ni karibu sawa na alilokuwa analipa kwa wiki.

Angalizo kwa watakaosoma: si kila mkopeshaji atakubali. Mwenye leseni na mkataba uliosainiwa ana haki ya kudai kwa mujibu wa mkataba wake, na kwake lugha inakuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kuhoji. Lakini kwa yeyote, nenda na hela mkononi. Mkopeshaji anayeona noti anaongea lugha nyingine.

23 Februari

Dada wa saluni. Huyu hana daftari, ana simu. Madeni yake yote ni ya programu za mikopo mtandaoni, nne, na kila moja amekopa ili alipe iliyotangulia. Ya kwanza iliandika mkopo 60,000, ikamtumia 42,000, ikataka 60,000 baada ya siku saba. Leo zote zinadai jumla ya 310,000.

Alichokuja nacho si hesabu, ni aibu. Wiki iliyopita wateja wake wawili, shemeji yake na fundi umeme aliyemtengenezea soketi walipokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Namba zilichukuliwa kwenye simu yake siku alipoipa programu ruhusa ya kusoma orodha ya majina.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Mbili kati ya nne zake zimo. Suala la kutangaza deni la mtu kwa watu wake linaangukia pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna Tume ya kupokea malalamiko. Tumemsaidia kupiga picha za meseji zote na namba zilizotuma, ameandika malalamiko.

Kuhusu kulipa, kikao kiligawanyika. Nusu wanasema mkopeshaji asiye na leseni asilipwe hata mia. Mimi sikubaliani, na nimeomba iandikwe. Hela ulipokea, ukasukia watu nywele, ukala; irudi. Ila kirudi ulichopokea. Tulipojumlisha yaliyoingia kweli kwenye laini yake kwa mikopo iliyo wazi, na kutoa alichokwisha kurudisha, ilibaki 118,000. Kikundi kimelipa hiyo, kila programu fungu lake, na kila moja imetumiwa ujumbe mmoja wa maandishi wenye tarehe na kiasi. Halafu ametoa ruhusa zote kwenye simu, amefuta programu, na amewaandikia watu wake mwenyewe kabla hawajaandikiwa tena: "Kuna meseji zinakuja kuhusu mimi, deni nimelimaliza, zipuuzeni." Hiyo meseji ilimchukua muda kuliko malipo.

Wanachama wenye mikopo ya laini, Songesha, Nivushe na ndugu zake, walitaka nao wahamishiwe. Tumekataa. Ni hela ndogo, na zinajikata zenyewe hela ikiingia. Dawa yake ni kupokea malipo ya biashara taslimu au kwa laini nyingine kwa wiki chache, deni likaisha, na kiwango kisiguswe tena.

9 Machi

Ramadhani. Mchana hakuna biashara ya kukaanga, jioni kila mtu anauza futari. Mama wa samaki kaleta 55,000 zake, amehamia kwenye samaki wa mchuzi kwa ajili ya futari.

Mzee wetu ametukumbusha jambo ambalo mimi mkristo sikulijua vizuri. Katika Qur'ani, sura ya 9 aya ya 60, wenye madeni wametajwa kati ya makundi manane yanayostahili zaka. Na sura ya 2 aya ya 280 inamtaka mdai amngoje mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate nafuu. Amejitolea kuongea na imamu kuhusu wanachama wawili waislamu ambao kwa kweli hawana biashara wala mshahara wa kulipia. Ni njia halali kabisa ya kutoka kwenye deni, na watu wanaona haya kuitumia kuliko wanavyoona haya kukopa.

23 Machi

Mwalimu.

Huyu ana mshahara, kwa hiyo wengi walijiuliza anafanya nini chumba cha ndani. Tatizo: kadi yake ya benki haiko kwake. Mwaka jana aliuguza mama yake, akachukua 600,000 kwa mtu binafsi, akaweka kadi bondi pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mtu yule anatoa hela, anakata 180,000, anamkabidhi iliyobaki. Ile 180,000 ni riba tu. Deni ni 600,000 mwezi huu, 600,000 mwezi ujao.

Alikwenda benki kuomba kuongezewa mkopo alionao, watumishi wanaita kutopapu, akakwama kwenye theluthi. Makato ya mtumishi hayatakiwi kumshusha chini ya theluthi moja ya mshahara, na kwake tayari kuna mkopo wa benki, na asilimia 15 ya mshahara wa msingi inayokwenda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Benki nyingine imemwahidi kununua deni lake lote na kulipanga upya kwa miaka saba, apate na "cha juu" cha kumtoa kwa yule mtu.

Tumempigia hesabu kwa mfano wa 5,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu rejesho ni kama 176,000 kwa mwezi na jumla unalipa milioni 6.3. Kwa miaka saba rejesho ni kama 99,000, na jumla milioni 8.3. Nafuu ya mwezi ipo, lakini inagharimu milioni mbili. Kwa mtu ambaye hana njia nyingine ningesema chukua. Yeye anayo.

Kikundi kinalipa 600,000. Mwalimu anaendelea kutoa 180,000 ileile kila mwisho wa mwezi, maana ameshazoea kuishi bila hiyo. Kwa riba yetu salio litakuwa 432,000 mwisho wa Aprili, 260,640 Mei, 85,853 Juni, na Julai atalipa 87,570 na kumaliza. Alisoma ile safu ya namba mara mbili, akauliza kama tumekosea, kwa sababu kwa yule mtu ametoa kiasi hichohicho tangu Agosti na deni halijasogea.

Kadi ilirudi Alhamisi. Kabla ya kukabidhi hela tulimpitisha kwenye ATM, akabadilisha namba ya siri tukiwa tumesimama nyuma yake, ndipo tukamlipa yule mtu na akasaini.

6 Aprili

Idi imepita, sandukuni kumepungua kuliko kawaida. Marejesho mawili yamechelewa kwa siku chache, yote yameingia. Mama wa genge tumemnunulia deni lake la 180,000.

27 Aprili

Kikao kimesogezwa kwa sababu ya Pasaka. Mvua kubwa, nusu ya wanachama wamefika wamelowa.

Mambo mawili. Kwanza kusi imeanza. Bahari ikichafuka mitumbwi haitoki kama kawaida, na ndoo Feri inapanda bei. Mama wa samaki ameomba, kabla hajachelewa, apunguziwe mpaka bahari itulie: badala ya 50,000 apunguze 25,000 kwa mwezi, na riba ya salio juu yake. Kuna waliolalamika kwamba masharti ni masharti. Nikawaonyesha hesabu. Salio lake ni 150,000. Akilipa nusu nusu, riba yote tangu mwanzo mpaka mwisho itafika 19,500 badala ya 15,000. Yeye analipa 4,500 zaidi, kikundi kinapata 4,500 zaidi, na ndoo haiguswi. Imepita kwa kura.

Pili, fundi cherehani. Anadaiwa 310,000 na kampuni moja. Jumanne walikuja vijana wawili, hawakumkuta, wakachukua cherehani mbele ya binti yake. Cherehani ndiyo inayolipa hilo deni! Tulikwenda jioni ileile kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akawaita. Kijana mmoja akatoa fomu: imesainiwa, cherehani ni dhamana. Mwenyekiti akamwambia, "Basi mwanangu, beba fomu yako uende nayo mahakama ya mwanzo. Huku mtaani hakuna hakimu."

Tangu hapo nimesoma kidogo. Sheria ya Mwenendo wa Madai ina orodha ya vitu ambavyo havikamatwi hata mahakama ikishatoa hukumu ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi. Nimeitoa nakala, iko kwenye faili la kikundi, na kila mwanachama ameonyeshwa ilipo. Cherehani ilirudi baada ya siku mbili, imepoteza mkanda. Tumelipa deni wiki hii, kwa stakabadhi.

Mume wake alikuwa ameshaanza kutafuta dalali auze kiwanja cha Chanika. Walikinunua 2,500,000, dalali kaleta mteja wa 1,800,000 "hela ya leo leo". Kuuza mali ni njia nzuri mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Friji lisilotumika, pikipiki iliyolala, viuzwe. Lakini kutupa 700,000 ili kulipa 310,000 ni haraka ya mtu aliyeogopa vijana wawili. Kiwanja kimebaki.

Mwalimu aliuliza kuhusu kujitangaza muflisi, amesoma mahali. Ipo Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, na mashauri yake ni ya Mahakama Kuu. Kwa madeni ya ukubwa wetu, gharama na usumbufu vinazidi deni. Hatukukaa hapo.

18 Mei

Mama wa genge amekopa tena nje. 200,000, kwa ajili ya mchango na sare ya harusi ya mdogo wake. Tumejua kwa sababu afisa mikopo alimfuata gengeni wakati mwenyekiti yupo pale ananunua nyanya.

Kikao kilikuwa kikali. Kuna aliyetaka afukuzwe na hisa zake zikatwe. Mwenyewe alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: mfuko wa jamii unatoa hela ya msiba na ya kulazwa, je, mtu asiye na hela ya mchango wa harusi ya mdogo wake wa damu aende wapi? Tunajua sote kwamba angeweza kusema sina. Tunajua pia sote hapa hakuna aliyewahi kusema sina.

Uamuzi: deni hilo jipya kikundi hakilinunui, sharti lilikuwa wazi. Deni letu ataendelea kulilipa kama lilivyopangwa. Hafukuzwi. Na kuanzia Julai mfuko wa jamii utakuwa na fungu la shughuli, kiwango 50,000, mara moja kwa mwaka, lisilo na riba. Kitenge cha sare akitaka zaidi ya hapo ajitegemee.

Hoja nyingine ilikuwa ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Mtu akasema tuombe, tulipie madeni yote kwa mkupuo. Hapana. Hela ile inatolewa kwa mradi wa uzalishaji, inafuatiliwa, na ikiliwa kwenye madeni kikundi kizima kinabaki na deni la serikali bila biashara ya kulilipa. Ila wanaokaanga, samaki na mihogo, wana biashara ya kweli. Katibu amewapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wanaandika andiko la majiko na friza. Kama wangekuwa na friza, kusi isingewabana hivi.

15 Juni

Hesabu ya nusu mwaka. Tumenunua madeni ya watu watano, jumla 1,458,000. Mfuko haujapungukiwa kitu. Riba yake ni ndogo na wenye hisa kubwa wananung'unika kwamba hela ingelala kwenye mikopo ya kawaida ya kikundi ingezaa zaidi. Ni kweli, ingezaa zaidi. Wamekumbushwa kwamba mikopo ya dharura "ya marejesho" sasa haiombwi, na Januari ndiyo ilikuwa ikichelewa kurudi kuliko mingine yote. Swali la kupandisha riba hadi asilimia 2.5 limeahirishwa hadi Julai.

Mama wa samaki: salio 100,000. Anachukua ndoo moja kamili, bado hajarudi kwenye mbili. Mangi amemalizwa. Dada wa saluni: meseji zimekoma, anadaiwa 40,000. Mwalimu: 260,640, yuko kwenye ratiba, mama yake amerudi kijijini. Fundi: mwezi wa kwanza wa sare za Saba Saba umempa kazi nyingi, amelipa mbele. Mama wa genge: amelipa letu, la nje sijui na sikuuliza.

Waombaji wapya watatu. Wawili ni wa kausha damu, wamepewa siku ya makaratasi. Wa tatu ni kijana wa bodaboda, mtoto wa mmoja wetu, ana mkataba: 10,000 kila siku kwa mwaka mzima, pikipiki iwe yake. Amebakiza miezi minne na mwenye pikipiki anatishia kuinyang'anya kwa sababu ya siku alizolazwa. Hili halifanani na mengine, deni lenyewe ndiyo kazi, na akilimaliza anabaki na mali. Katibu anaona linafaa kuliko yote. Mwenyekiti anasema kijana si mwanachama na mama yake hawezi kumdhamini kwa hisa zake peke yake. Tumemwomba alete mkataba wa maandishi na mwenye pikipiki aje naye Jumapili ya tarehe 29. Pikipiki tumeomba ije pia, katibu anataka kuisikia inavyounguruma.